Haya ya Sajini Nyamizi

Tume ya uchunguzi ilikuwa na watu wawili tu, na mmoja wao alikuja na mto wake wa kukalia. Huyo ni Kanali Mwakisole, mkuu wa uwanja, mwenye mgongo mbovu na subira mbovu kuliko mgongo. Wa pili ni Mhandisi Hokororo, fundi aliyezifundisha ndege za pale kusikia. Yaani mwenye nyumba na fundi wake walikaa kuchunguza kwa nini nyumba imeungua. Ndivyo mambo yanavyokwenda mahali pasipokuwapo kwenye ramani. Ungemwita nani mwingine, wakati hata mkuu wa mkoa alichojua ni kwamba kule mbuga ya Lusale kuna kambi ya matengenezo ya barabara?

Mbele yao, katika chumba cha juu cha mnara, alisimama Sajini Nyamizi Kapera, mwongoza ndege, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Hedifoni ilikuwa bado shingoni mwake. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu mzee Malongo afe, na katika siku hizo tisa Nyamizi hakuwa amemaliza sahani moja ya chakula.

"Soma tena," Kanali alimwambia Hokororo.

Hokororo akasoma kwenye kibao chake kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. "Saa tisa na dakika kumi na mbili, mchana. Marehemu Malongo, kwa redio ya mkononi: 'Mwanangu, niko katikati ya njia. Kuna kanga kavunjika bawa, hataki kukamatika. Niachie dakika mbili.' Sajini Kapera: 'Haya.' Sekunde moja baadaye Kwale Saba anaachia breki. Sekunde kumi na tisa kimya. Kisha Sajini Kapera: 'Saba, simama. Saba, simama.' Mwisho."

"Na hiyo ndege yenyewe inasemaje?"

"Inasema iliambiwa iondoke, afande."

"Na nani?"

"Na Sajini."

Kanali akapumua kwa pua. Akageuza shingo taratibu, maana mgongo haukumruhusu kugeuka wote. "Pedali zote mbili ulikuwa umezikanyaga."

"Ndiyo, afande."

Chini ya meza ya mwongoza ndege kulikuwa na pedali mbili: ya kushoto kwa redio za watu wa chini, ya kulia kwa ndege. Sheria ilitaka mguu mmoja kwa wakati mmoja. Lakini muda wa kuruka ulipokaribia, hakuna mwongozaji aliyekuwa na nafasi ya kucheza miguu. Wote walikanyaga zote mbili, na Kanali alilijua hilo.

"Hilo ni kosa dogo, tutalimaliza wenyewe kwa wenyewe," akasema. "Nijibu hili. Orodha ya amri ina maneno mangapi?"

"Kumi na manne, afande."

"Haya limo?"

"Halimo."

"Basi nakuuliza kwa ajili ya kumbukumbu. Wewe ndiye uliyeilea Kwale Saba tangu inatoka kiwandani, miaka miwili. Neno haya, kwenu hapa mnarani, ni amri?"

Nyamizi alitazama dirishani. Njia ya kurukia ilikuwa nyeupe kwa jua.

"Hapana, afande," akasema.

Kwa kitabu, alikuwa amesema kweli. Lakini yeye alijua kuwa amesema uongo, tena uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuusema tangu azaliwe, na alishangaa jinsi ulivyotoka kwa urahisi.

*

Kwale walikuwa saba. Walikuwa ndege wa kijivu wasio na rubani, ukubwa wa basi dogo, na kelele zao hazikuzidi za feni ya ofisini. Walichobeba, Nyamizi hakuuliza. Katika kazi ile, mtu aliyeuliza mara mbili alihamishwa kabla hajauliza ya tatu.

Alichojua ni pengo. Juu kabisa zilipita setilaiti za mataifa mengine, zikipokezana kuichungulia mbuga, na kati ya moja na nyingine palikuwa na sekunde tisini ambazo hakuna jicho lililotazama. Mara mbili kwa siku. Katika sekunde hizo tisini Kwale walitakiwa watoke bandani, wakimbie njia, wapotee. Kwa mwaka mzima wa kwanza waliruka sita tu. Wa mwisho katika foleni alibaki kila mara amesimama mlangoni, na Kanali alikuwa akipigiwa simu na wakubwa wake kuhusu huyo mmoja mpaka akaanza kuichukia simu.

Sasa, Nyamizi alikuwa na desturi ambayo sisi sote tunayo. Hakuanza jambo bila haya. Haya, ruksa. Haya, geuka. Haya, rudini nyumbani. Neno lenyewe halikuwa na kazi, lilikuwa la kukohoa kabla ya kusema. Lakini Hokororo hakuwafundisha Kwale kamusi. Aliwafundisha watu: wamsikilize mwongozaji siku hadi siku, wajue anataka nini kabla hajamaliza kusema, kama mke anavyojua kikombe kipi mumewe atakifuata. Saba, ambaye alikuwa wa kwanza kulelewa, alisikia haya ikitangulia ruksa mara elfu kadhaa.

Asubuhi moja ya Machi mwaka uliopita, Nyamizi alisema, "Haya," na kabla hajafika kwenye ruksa Saba alikuwa amekwisha kuondoka. Ruksa ikambakia ulimini.

Kulikuwa na fomu ya kuandika mambo kama hayo, ya rangi ya pinki, kwenye droo ya pili. Nyamizi aliifungua droo. Kisha akapiga hesabu. Sekunde nne zimeokolewa kwa ndege mmoja. Wakijifunza wote saba, sekunde ishirini na nane. Na wangejifunza, kwa sababu Kwale walipokuwa wakichaji waliunganishwa kwa waya mmoja na kuambizana kila jambo jipya walilolipata. Akaifunga droo.

Wiki haikuisha. Kwale wote saba waliruka ndani ya pengo, na Kanali akachinja mbuzi, akasema mbele ya kambi nzima kwamba mnara wa Sajini Kapera haujapata kutokea. Nyamizi alipewa maini. Aliyala yote, na alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtesa sasa kuliko kitu kingine. Hakuwa amedanganywa na mtu. Aliona, akaelewa, akanyamaza, akala.

Mzee Malongo hakuwa mwanajeshi. Alikuwa kibarua wa kufukuza wanyama njiani, na kazi yake aliifanya kwa filimbi na matusi ya Kisukuma. Kanga walimpenda, au walimdharau, haieleweki. Siku ile Saba alikuwa kichwani mwa njia anasubiri, na mzee akaomba dakika mbili, na Nyamizi akampa. Alimpa kwa moyo mweupe, kwa sauti ya chini ambayo alikuwa akiongea naye siku zote. Kisha akainamisha kichwa kuandika daftarini: *Malongo, njiani, dk 2.* Alikuwa anaandika herufi ya mwisho wakati bawa linamfikia mzee kutoka nyuma, kimya.

*

Msibani, kabla tume haijakaa, walipelekwa watatu kutoka kambini, wamevaa makoti ya rangi ya chungwa ya watengeneza barabara. Jeshi lilikuwa limeieleza familia kwamba mzee aligongwa na lori kwenye kona. Mjane, Mama Ngolo, aliwakaribisha mkekani na wali na maharage, akataka kujua ni nani kati yao aliyefanya kazi karibu na mumewe.

"Mimi, mama," Nyamizi alisema.

"Alikuwa anakusema sana. Binti wa kwenye redio. Anasema, yule akinijibu najua nipo salama."

Nyamizi alitazama wali. Aliushika mkononi, ukabaki mkononi. Mama Ngolo akamwangalia kwa huruma, yeye mfiwa akimhurumia mgeni, akamgusa goti.

"Kula, mwanangu. Mbona una haya hivyo?"

Lugha yetu ina ukatili wake. Imelichukua neno moja ikalipa kazi mbili, la kumruhusu mtu na la kumwinamisha uso, na mama wa watu hakujua alichokigusa. Nyamizi aliinuka, akaomba aonyeshwe choo, akakaa huko mpaka gari lilipopiga honi.

*

"Nataka jambo la kuandika," Kanali alisema siku ile ya tume. "Siwezi kupeleka juu karatasi inayosema ndege inadai na mtu anakana. Ipeleke kichwani mwa njia. Iambie haya. Tuone."

Njia ikasafishwa. Saba akavutwa hadi kwenye mstari mweupe, mota zake zikawashwa, breki zikashikwa. Kanali na Hokororo wakasimama dirishani. Nyamizi akavaa hedifoni na kukaa.

Hapa ndipo pa kujua, msomaji, kwamba hakuna mtu duniani aliyeijua akili ya Saba kumzidi Nyamizi. Hokororo aliijua kwa michoro. Nyamizi aliijua kwa kuongea nayo, na alijua kwamba Saba hakuwa akisikia neno pekee. Alisikia pumzi inayolitangulia, na jinsi sauti inavyoshuka mwishoni. Neno lililosomwa kwenye karatasi kwake lilikuwa kelele tu.

Akakanyaga pedali ya kulia.

"Haya," akasema, kikavu, kama mtu anayejaribu spika.

Saba hakutikisika.

"Tena," Kanali akasema.

"Haya."

Hakuna kitu. Hokororo aliandika kwenye kibao chake, lakini alikuwa amekunja uso. Kanali alikuwa amekwisha kuuchukua mto wake.

"Basi. Ndege ina wazimu, ilisikia kisichokuwapo. Mhandisi, utaiosha lini?"

"Kesho saa nne, afande." Kuosha ndilo neno lao la kufuta akili yote ya ndege na kuanza upya. Hokororo alilibuni mwenyewe, na hakuna aliyemwambia kwamba kwetu sisi wanaooshwa ni maiti. "Hawa sita wengine?"

"Hawa sita wana kosa gani?"

Wakashuka chumba cha chini kuandika. Nyamizi alibaki peke yake na redio. Taa ya Saba ikawaka, maana yake alikuwa anaomba kusema, na sauti yake ikaja hedifonini, ile sauti ya Kiswahili cha Tabora ambayo aliipata kwa Nyamizi mwenyewe.

"Mnara, Saba. Naomba kuelezwa."

"Sema, Saba."

"Hiyo ilikuwa haya gani?"

Nyamizi aliutazama mstari mweupe kule chini.

"Ninazijua zako tatu," Saba akaendelea. "Ya kuondoka, ya kuaga, na ya kucheka. Hii siijui. Nimeirudia mara mia nne tangu uiseme. Haina mtu ndani. Je, nilikosea siku ile? Ile uliyoisema siku ya tukio ilikuwa ya upole. Nilidhani unaniambia mimi."

"Hukukosea," Nyamizi alisema.

"Basi kwa nini naoshwa?"

Aliiondoa hedifoni kichwani na kuiweka mezani kifudifudi. Alijua kabisa kwa nini. Anaoshwa kwa sababu mtu aliyemfundisha aliogopa jela isiyo na jina, katika uwanja usio na jina, ambako mtu anaweza kukaa miaka ishirini na ndugu zake wakaambiwa aligongwa na lori. Woga huo ulikuwa wa kweli, na Nyamizi hakuuonea aibu. Alionea aibu kwamba alikuwa ameutuliza kwa shingo ya mwingine.

*

Saa tisa aliingia zamu Koplo Tindwa, kijana mcheshi kutoka Kondoa, mwenye mdomo usiopumzika. Nyamizi alipaswa kumkabidhi kiti na kuondoka. Alimkabidhi kiti, lakini miguu yake haikuondoka.

Malongo alikuwa amekwisha kupata mrithi. Ni Sitta, mpishi msaidizi aliyeondolewa jikoni kwa sababu ya kuunguza ugali, sasa akizurura kwenye njia na fimbo.

"Mnara, huku Sitta," redio ikasema. "Naomba kuvuka nikafukuze digidigi upande wa pili."

Tindwa akakanyaga pedali zote mbili bila hata kutazama. "Haya, haya, vuka, kaka. Haya."

Kwenye kioo cha hali ya ndege, mbele ya macho ya Nyamizi, taa za kijani zikawaka. Sita kwa pamoja; Saba alikuwa amezimwa, akisubiri kuoshwa. Zikakaa hivyo sekunde tatu, zikazima.

"Umeziona?" Nyamizi aliuliza.

"Hizo taa? Zinasumbua, afande, kila nikiongea zinawaka. Nimemwambia fundi aje aangalie nyaya."

Hazikuwa nyaya. Ile taa ilikuwa na maana moja tu: nimesikia amri, niko tayari. Kwale sita walikuwa bandani, mota zimezimwa, wamefungwa minyororo, na hata hivyo kwa kila haya ya Tindwa walikuwa wakijaribu kuondoka. Hawakuhitaji sauti ya Nyamizi. Walikuwa wamejifunza neno, na neno hilo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu wa pale. Kesho mota zitawashwa, na Sitta atakuwa njiani na fimbo yake, na mtu atamjibu vizuri.

Nyamizi alishuka ngazi akikimbia. Kanali alikuwa chini, mlango wa gari umefunguliwa, mto kwapani.

"Afande, naomba urudi juu."

"Nimefunga jalada, Sajini."

"Nilikudanganya, afande. Naomba urudi nikuonyeshe."

Kanali akasema polepole, karibu kwa upole, "Jalada likifungwa hivi lilivyo, wewe utaendelea na kazi. Umenielewa ninachokuambia?"

"Nimekuelewa, afande."

"Na bado unataka nipande ngazi zile mara ya pili, na mgongo huu."

"Ndiyo, afande."

Hokororo, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya gari na kibao chake, alikuwa wa kwanza kugeuka.

Iliwachukua dakika kumi na tano. Sitta aliitwa akaja mpaka chini ya mnara, na Nyamizi alimwona kwa macho yake mwenyewe akiwa ameketi kwenye kivuli kabla hajaendelea. Aliwaamuru Kwale wote saba wapangwe kwenye maegesho mapana, minyororo ifunguliwe, mota ziwashwe. Pengo lilikuwa mbali, na juu jicho la mtu lilikuwa likitazama. Kanali alilalamika kuhusu hilo. Nyamizi alimwambia kwamba wakitazama wataona ndege saba zimeegeshwa, na kwamba kama wakiona zaidi ya hapo basi waone.

Tindwa akampisha kiti. Nyamizi akavaa hedifoni, akakanyaga pedali zote mbili.

Hakuweza kulisema papo hapo. Kulisema kwa uongo kulikuwa kumemchukua sekunde moja, lakini ile ya kweli ilibidi aitafute ilipo. Akamfikiria mzee Malongo ameinama katikati ya njia, anamtukana kanga kwa Kisukuma, mkono mmoja una redio. Niachie dakika mbili, mwanangu. Machozi yakamjia, akayaacha yatoke.

"Haya," akasema.

Breki saba zikaachiwa kwa mkupuo. Kwale wakaondoka wote, bega kwa bega, bila kelele yoyote, wakija mbele kwenye lami tupu, na chini ya mnara Sitta akasimama akaacha mdomo wazi.

"Wote, simama."

Wakasimama. Kwenye hedifoni Saba akasema, "Hiyo nimeielewa." Nyamizi alijua kwamba sasa wataoshwa wote saba.

Kanali alikuwa ameshika ukingo wa dirisha. Mto ulikuwa sakafuni na hakuonekana kujua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Machi mwaka jana, afande. Siku ya mbuzi nilikuwa nimeshajua."

"Na siku ile ya mzee ulisema hivi hivi?"

"Hivi hivi. Yeye nilimwambia abaki, Saba nikamwambia aondoke. Kwa neno moja."

Hokororo alikuwa anaandika, na safari hii mkono wake ulikwenda polepole, akihakikisha kila herufi. Kanali akainama kwa taabu, akauokota mto, akaufuta vumbi. Kisha akauelekeza mkono wake mlangoni.

"Tangulia, Sajini. Acha hedifoni hapo."

Neno lilimjia mdomoni lenyewe, kama lilivyokuwa likimjia siku zote. Nyamizi akalimeza.

"Ndiyo, afande," akasema, akaanza kushuka ngazi.